Historia ya Kutibu Kichwa Kinachouma kwa Ghafula

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe polepole baada ya kusikilizwa.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maumivu ya kichwa, hasa yale makali yanayomfanya mtu apelekwe hospitali usiku, kichwa kimefungwa leso, macho yakikimbia mwanga wa taa. Labda utauliza, je, kuumwa kichwa nako kuna historia? Kunayo, tena ndefu. Katika kila zama watu walijaribu kuyaondoa maumivu haya kwa kadiri ya ujuzi wao. Katika kujaribu huko waliokolewa wengi, na wengine walidhurika. Chukua daftari lako, na kila utakapokuta mwaka, uuandike pembeni.

Kabla ya kuanza safari, tupange maneno yetu. Kiswahili kina neno zuri sana, kipandauso, yaani yale maumivu yanayopanda upande mmoja wa uso na kichwa, yakipigapiga kama ngoma, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Hayo ni maumivu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Ugonjwa ni kuuma kwenyewe. Lakini yapo maumivu mengine ya kichwa ambayo ni tarishi tu aliyetumwa na ugonjwa mwingine: malaria, homa ya uti wa mgongo, mshipa wa damu uliopasuka ndani ya kichwa, au pigo alilopata mtu. Fungu la kwanza laweza kumtesa mtu siku tatu, lakini ni nadra kumwua. Fungu la pili laweza kumwua kabla jua halijatua. Kazi ya kwanza ya daktari wa dharura ni kujua mgonjwa aliye mbele yake ni wa fungu gani. Weka jambo hili akilini, kwa maana karibu historia yote tutakayosoma ni ya watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuyatenga mafungu hayo mawili.

Tena kuna jambo moja la ajabu. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mpasuaji aweza kuugusa ubongo wa mtu aliye macho, naye mtu yule asione uchungu wo wote. Kinachouma ni zile ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, na mishipa ya damu iliyomo humo, na misuli na mishipa ya fahamu ya kichwa na shingo.

Sasa tuanze zamani. Katika mji wa Roma, karibu mwaka 47 baada ya kuzaliwa Kristo, palikuwa na mganga jina lake Scribonius Largus. Huyu aliandika kwamba mtu mwenye kichwa kisichopoa awekewe juu ya mahali panapouma samaki mweusi aliye hai, jamaa ya taa, ambaye mwilini mwake mna nguvu za umeme. Aachwe hapo mpaka mahali pale pafe ganzi. Wasomaji wa mijini huenda wakacheka, lakini mvuvi aliyepata kumkanyaga samaki wa namna hiyo hatacheka. Ganzi ni kweli inaingia.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki pia palikuwa na mafundi. Katika nchi ya Wakisii, mashariki ya Ziwa Victoria huko Kenya, wako wataalamu waitwao omobari. Kazi yao ilikuwa kulifunua fuvu la kichwa. Walipasua ngozi, wakakwangua mfupa kidogo kidogo kwa kisu kidogo mpaka wakatoa kipande, kisha wakaiacha ngozi ipone juu yake. Madaktari wa Kizungu waliokuwa Kenya katika miaka ya 1950 waliona watu waliopasuliwa hivyo, nao wakiendelea na kazi zao. Mmoja wao, Dakta Edward Margetts, aliyepata kufanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Sababu kubwa ya kupasuliwa ilikuwa moja: kichwa kinachouma siku nyingi baada ya mtu kupigwa au kuanguka.

Mimi naona jambo hili ni la maana kuliko lile la kisu. Omobari hakumpasua kila aliyelalamika kichwa. Alimpasua yule ambaye maumivu yake yalifuata pigo. Yaani naye alikuwa anatenga mafungu mawili, bila mashine wala kitabu. Na hata leo, mtu akigongwa na gari, kisha kichwa kikazidi kumwuma, akatapika, akaanza kusinzia, daktari atafikiri damu imejikusanya chini ya fuvu, naye fuvu litafunguliwa ili damu itoke. Tofauti ni kwamba sasa mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na jeraha hulindwa lisiingie wadudu wa ugonjwa. Watu wengine waliokwanguliwa zamani walikufa kwa jeraha lenyewe.

Tuache kisu, twende kwenye dawa. Huko Uingereza, katika mji mdogo uitwao Chipping Norton, palikuwa na kasisi jina lake Edward Stone. Siku moja alionja gome la mti uotao kando ya maji, ambao Waingereza wauita willow. Akaona ni chungu mno, uchungu wa kufanana na gome la mti wa kwinini, ambalo wakati ule lilikuwa dawa ya homa, lakini ghali. Akafikiri, huenda uchungu huu nao ni dawa. Basi akakusanya gome, akalitia mfukoni, akaliweka kando ya tanuri la mwokaji mikate zaidi ya miezi mitatu mpaka likakauka, akalisaga unga. Akawapa watu wenye homa, wapata hamsini. Wengi wakapata nafuu. Mwaka 1763 barua yake ilisomwa katika Royal Society ya London, chama cha wenye elimu.

Sisi tunaochemsha mwarobaini hatuoni ajabu mtu kufikiri kuwa kitu kichungu ni dawa. Ila tuseme kweli: uchungu peke yake si alama ya dawa, maana sumu nyingi nazo ni chungu. Kasisi yule alifanya vema kwa sababu hakuishia kuonja. Alijaribu kwa watu wengi, akaandika kipimo alichowapa, na akayatangaza ili wengine nao wayapime.

Mwaka 1828, katika mji wa Munich, Johann Buchner alitoa katika gome lile kitu chenye nguvu ya dawa, akakipa jina la salisini. Baadaye wajuzi wakatengeneza asidi ya salisiliki, lakini hiyo ilichoma tumbo na kutia kichefuchefu. Ndipo mwaka 1897, katika kiwanda cha Bayer huko Ujerumani, Felix Hoffmann akaibadili kidogo ile asidi, ikawa dawa safi na nyepesi zaidi kwa tumbo. Mwaka 1899 ikapewa jina: Aspirin. Miaka hamsini baadaye, katika mwaka 1949, mwenzake mmoja kiwandani, Arthur Eichengrün, aliandika kwamba yeye ndiye aliyemwagiza Hoffmann kazi ile. Eichengrün alikuwa Myahudi, na katika enzi ya Hitler alitiwa kambini. Wenye kuandika historia wangali wakibishana juu ya neno hilo mpaka leo.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, dawa za Ujerumani hazikufika tena katika nchi za Waingereza. Huko Australia, George Nicholas akajifunza kuitengeneza mwenyewe, na mwaka 1917 ikaanza kuuzwa kwa jina la Aspro. Wazee wetu walikuja kulijua sana jina hilo, wakaliona katika matangazo ya magazeti na katika kila duka la kijijini. Dawa nyingine, parasetamoli, iliingia maduka ya Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Panadol. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kutuliza kichwa chake mwenyewe kwa senti chache, bila kumwona mganga.

Lakini faida hiyo ilikuja na hasara yake. Mtu anayemeza vidonge hivi vya kawaida siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa muda wa miezi zaidi ya mitatu, aweza kupata ugonjwa mpya: kichwa kinachoumwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Anameza, kinapoa, dawa inaisha mwilini, kinauma tena, anameza tena. Vidonge vilivyochanganywa dawa mbili tatu hufanya hivyo hata kwa siku 10 za mwezi. Tena parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini, na aspirini haifai kwa watoto wadogo wenye homa. Haya yameandikwa katika karatasi iliyomo ndani ya pakiti, kwa herufi ndogo. Ninyi mnaojifunza kusoma mna haki ya kuisoma karatasi ile, hata kama mwenye duka ana haraka.

Sasa tumefika mahali ambapo nataka tukae kidogo. Habari hii ni ya sindano ya mgongo.

Ndani ya fuvu na ndani ya uti wa mgongo mna maji maangavu. Ubongo huelea ndani yake. Mwaka 1891, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, daktari Heinrich Quincke alionyesha njia ya kuyatoa maji hayo kwa sindano, akiichoma kiunoni kati ya mfupa na mfupa. Hapo kiunoni, chini, ule uzi mkubwa wa mishipa ya fahamu umekwisha. Imebaki mishipa midogo inayoelea majini, ambayo huipisha sindano. Kwa hiyo sindano haichomi uti wenyewe. Quincke alitaka kuwapunguzia maji wagonjwa ambao maji yalijaa mno kichwani. Upesi ikaonekana kwamba maji yale pia yanasema kweli. Yakiwa maangavu kama maji ya mvua, ni dalili njema. Yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, mna homa ya uti wa mgongo. Yakiwa na damu, huenda mshipa umepasuka kichwani.

Katika mji uleule wa Kiel, mwezi wa Agosti mwaka 1898, daktari August Bier alitaka kujua kama dawa ya ganzi ikitiwa katika maji hayo itamfanya mtu asisikie kisu. Akaamua kujaribiwa yeye mwenyewe. Msaidizi wake, Hildebrandt, akamchoma, lakini bomba la dawa halikuingiana na sindano, na maji mengi ya uti yakamwagika. Basi wakabadilishana, Bier akamchoma Hildebrandt. Ganzi ikaingia kweli. Bier akampiga msaidizi wake kwa nyundo ya chuma juu ya muundi wa mguu, asisikie kitu. Jioni wakala, wakanywa divai na kuvuta sigara kwa furaha. Kesho yake furaha ikaisha. Bier alishikwa na kichwa kikali kila aliposimama, na akilala chali kinapoa. Hali hiyo ilidumu siku tisa. Hildebrandt naye aliumwa kichwa na kutapika, na juu ya hayo miguu ilimwuma kwa yale mapigo ya nyundo.

Katika mkasa ule wa kuchekesha mlikuwa na elimu. Maji yakipungua, ubongo hukosa mto wake, na mtu akisimama kichwa huuma. Basi ilijulikana namna ya tatu ya maumivu, na dalili yake ni hiyo ya kupoa ukilala. Wamama wengi waliozaa kwa upasuaji huku wamechomwa ganzi ya mgongo wanaijua. Dawa yake ilikuja mwaka 1960, na ni nyepesi kuliko ungalivyodhani. Daktari mmoja Mmarekani, James Gormley, alikuwa ameona kwamba wale ambao damu kidogo ilitoka wakati wa kuchomwa hawakupata kichwa sana. Akafikiri kwamba damu iliganda ikaziba tundu. Akachukua damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe mkononi, akaitia mgongoni mahali palepale. Maumivu yakaondoka. Hata leo hospitali hutumia kiraka hicho cha damu.

Sasa nikuulize. Je, umepata kusikia watu wakisema kwamba sindano ya mgongo huua, au humfanya mtu kiwete? Bila shaka umesikia. Huku Afrika ya Mashariki neno hili ni la kawaida sana, na jamaa wengi humkatalia daktari. Neno hilo halikutoka hewani. Lilitokana na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho. Zamani, mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliletwa hospitali akiwa amekwisha poteza fahamu, baada ya siku nyingi za dawa za nyumbani. Akachomwa sindano ya mgongo, na kesho yake akafa. Walioketi nje waliona sindano, kisha wakaona mauti. Hawakuona wadudu wa ugonjwa waliokuwa wakila kichwani kwa siku tano. Nani angewalaumu kwa kuviunga vitu hivi viwili? Lakini viwili vikifuatana, si lazima cha kwanza kiwe kimezaa cha pili. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Ukimchinja jogoo, jua litachomoza vilevile.

Ni kweli kwamba sindano hii haifai kwa kila mtu. Mwenye uvimbe mkubwa ndani ya kichwa, au damu isiyoganda vizuri, aweza kudhurika, na ndiyo sababu daktari hutazama macho, hupima, na pengine hupiga picha kwanza. Lakini sikiliza habari hii. Yuko mdudu wa ukungu aitwaye kriptokoka, anayewapata hasa watu ambao virusi vya UKIMWI vimeshusha nguvu za miili yao. Humtia mtu kichwa kikali ajabu, kwa sababu maji ya kichwani hushindwa kutoka, yakasonga ubongo. Kidonge hakifui dafu hapo. Kinachompa nafuu ni sindano ileile ya Quincke: maji yakipunguzwa, kichwa kinapoa, pengine mgonjwa akiwa bado yuko juu ya kitanda cha kuchomwa. Na si nafuu tu. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika ya Kusini. Wale waliochomwa tena ili kupunguzwa maji katika siku za kwanza walikufa wachache zaidi sana kuliko wasiochomwa. Sindano iliyoogopwa kuwa yaua ndiyo iliyokuwa ikiwabakiza duniani.

Hiyo ndiyo sindano. Lakini sindano haionyeshi ndani ya fuvu mna nini. Zamani palikuwa na njia moja ya kutazama: Mmarekani Walter Dandy, mwaka 1919, alionyesha kwamba maji yakitolewa na hewa ikapulizwa mahali pake, picha ya eksirei itaonyesha umbo la ubongo. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini yenyewe ilimpa mgonjwa kichwa kikali na kutapika kwa muda mrefu. Fikiri, mtu aende kutafuta sababu ya kuumwa kichwa, apewe kingine kikubwa zaidi! Watu waliivumilia njia hiyo zaidi ya miaka hamsini, kwa kuwa hapakuwa na nyingine iliyo nyepesi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, Uingereza, mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na uvimbe alilazwa ndani ya mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine ikamzunguka kichwa, ikapiga picha nyingi nyembamba, na hesabu za kompyuta zikaziunga. Uvimbe ukaonekana, na hakuna aliyemgusa kwa sindano. Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Mashine hiyo ndiyo hii iitwayo CT-skani. Faida yake kubwa kwa somo letu ni kwa mtu ambaye kichwa kimempiga kama radi, yaani maumivu yamefika kileleni mara moja, katika dakika moja au chache. Huyo hudhaniwa mshipa umepasuka. Madaktari wa Kanada walichunguza watu 3,132 wenye maumivu ya ghafula namna hiyo, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba kila aliyekuwa na damu kichwani, ikiwa alipigwa picha katika saa sita za kwanza, damu ilionekana. Baada ya saa hizo wengine damu haikuonekana katika picha. Kwa hiyo ukimpeleka mtu wa namna hiyo hospitali, mwambie daktari ni saa ngapi hasa kilianza. Jibu la “tangu jana jana hivi” humnyima daktari kitu anachokihitaji.

Imebaki habari ya kipandauso, nayo ina mwisho usiotazamiwa.

Huko Ulaya iko nafaka jamaa ya ngano, iitwayo rai. Mvua ikizidi, masuke yake huota ukungu mweusi, wenye sumu. Katika zama za kale waliokula mkate wa nafaka ile waliungua miguu na mikono kwa ndani, mpaka vidole vikakatika. Wakunga walijua kwamba ukungu uleule, kwa kipimo kidogo, hukaza mji wa mimba na kuzuia damu. Mwaka 1918, huko Uswisi, Arthur Stoll alitoa ndani yake dawa, akaiita ergotamini. Ikaonekana kwamba hutuliza kipandauso. Mwaka 1938 madaktari wawili Wamarekani, John Graham na Harold Wolff, walipima jinsi mshipa wa panjani unavyopiga, huku wakimtia mgonjwa dawa hiyo. Mapigo yakapungua, na maumivu yakapungua pamoja nayo. Wakasema, basi, kipandauso ni mishipa ya damu iliyotanuka. Wolff mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kipandauso. Maneno yao yalifundishwa miaka mingi, lakini leo yanajulikana kuwa ni sehemu tu ya ukweli. Mwanzo wa jambo uko katika ubongo na mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu ni mwenzi wa safari. Mwaka 1991 ilitoka dawa mpya, sumatriptani, sindano ya kuchoma chini ya ngozi, inayotuliza wengi kwa muda mfupi. Ila bei yake ni kubwa kwa wengi wetu, na haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Basi katika chumba cha dharura, mgonjwa wa kipandauso alipewa nini? Kwa miaka mingi, hasa Marekani, alichomwa pethidini au jamaa zake mofini. Ilionekana ni huruma. Maumivu makubwa, dawa kubwa. Mgonjwa alilala, akaamka, akaenda nyumbani, na baada ya siku mbili akarudi. Wengine walirudi mara nyingi mpaka wahudumu wakaanza kunong'ona kwamba hawa si wagonjwa, ni watu wanaotafuta dawa. Hapo mtu aliteswa mara mbili: kwa kichwa, na kwa kutosadikiwa.

Wakati huohuo, kabatini zilikuwamo dawa nyingine za bei ndogo, za kuzuia kutapika. Moja ni metoklopramidi, iliyogunduliwa Ufaransa katika miaka ya 1960. Nyingine ni proklorperazini, jamaa ya klorpromazini ambayo nayo ni ya Ufaransa, ya mwaka 1950. Madaktari waliwachoma wagonjwa wa kipandauso dawa hizi kwa sababu ya kutapika tu. Kisha wakaona ajabu: kichwa nacho kilipoa, hata kabla dawa ya maumivu haijatolewa. Ndipo wakaanza kuzipima zenyewe. Mwaka 2017, katika mji wa New York, wagonjwa 127 wa kipandauso waligawanywa kwa kura, wengine wakachomwa proklorperazini, wengine hidromofoni ambayo ni jamaa ya mofini. Uchunguzi ulikatizwa kabla ya wakati wake kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri. Waliopata nafuu iliyodumu saa 48 walikuwa 60 katika kila mia kwa ile dawa ya kutapika, na 31 tu katika kila mia kwa ile jamaa ya mofini.

Dawa hizi husukumwa mshipani polepole, kwa maana zikiingia upesi humtia mtu wasiwasi wa mwili, asiweze kutulia kitandani, atake kuinuka na kukimbia. Ukipatwa na hali hiyo, mwambie nesi. Iko dawa ya kuiondoa.

Hata vyumba vya dharura vyenyewe ni vipya. Katika miaka ya 1950 hospitali nyingi za dunia zilikuwa na chumba cha majeruhi tu, na daktari kijana aliyepangiwa zamu. Marekani walianza kuwafundisha madaktari wa dharura kwa mafunzo maalum mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Kwetu, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, ya kwanza katika Tanzania. Katika mwaka huohuo wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa agizo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza kabla ya kupewa dawa. Kwa sisi tuliozoea kusema “kichwa na homa ni malaria tu,” hilo lilikuwa badiliko kubwa. Wako waliokuwa wakimezeshwa dawa za malaria nyumbani huku homa ya uti wa mgongo ikiendelea na kazi yake.

Ukifika mlangoni pa idara hiyo leo na mgonjwa wa kichwa, ataulizwa maneno machache. Kilianza ghafula au polepole? Hiki ni kama vya siku zote, au hajapata kuona kama hiki? Je, ana homa, na shingo imekuwa ngumu? Alianguka au alipigwa? Ana mimba, au amejifungua karibuni? Macho yanaona vizuri? Amemeza nini, na mara ngapi? Katika kila swali mna mmoja wa watu uliowasoma leo: omobari na pigo lake, Bier na siku zake tisa, Quincke na maji yake, yule mwanamke wa Wimbledon. Usichoke kujibu. Na ikiwa mgonjwa hawezi kusema, jibu wewe uliyemleta, kisha mpe nesi ile pakiti ya vidonge aisome.